Mgahawa wa uyoga Masasi: kula, ila fika mapema

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza. Sahani ya ugali wa muhogo na uyoga uliopikwa kwa korosho ni shilingi 3,500. Uyoga wa kichuguu, siku ukiwepo, ni 5,000, na hupunguziwi hata kama mna ukoo. Uyoga mkavu wa kwenda nao nyumbani ni 4,000 kwa kifuko. Maji ya mtungi yapo. Soda hakuna; mama anasema soda inaharibu ulimi, mimi nadhani hana friji.

Mgahawa hauna kibao. Ukitoka stendi ya Masasi shika barabara ya Nachingwea, pita maduka ya pembejeo, kisha uliza kwa mama wa uyoga. Wa kwanza utakayemuuliza atakuonyesha kwa kidole. Wa pili atakuonyesha kwa kidevu, halafu atakuuliza kama una kinga.

Maana mama huyu anasemwa. Wapo wanaodai ana chuma ulete: unalipa noti ya elfu kumi, unapewa chenji, ukifika nyumbani pochi ni tupu. Zangu nilizihesabu nilipofika. Zilikuwepo zote, zinanuka moshi. Wengine wanasema huenda kuchuma usiku wa manane akiwa mtupu, na kwamba uyoga wake unaota makaburini. Hao nawashangaa zaidi. Uyoga wa njano anaoupika kila siku unaota chini ya miti ya miombo na si pengine, kwa sababu nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya miti hiyo: unaupa mti maji na madini ya udongoni, mti unaulipa sukari. Fyeka miombo, na uyoga umeufyeka. Kaburi halihusiki. Nimechunguza pia wasemaji wenyewe, na wengi wao wanauza chipsi.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Mtwara mjini. Nililelewa na bibi upande wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako masika yakiingia uyoga ulikuwa ndiyo nyama yetu. Bibi alikuwa na miiko yake: ukiuona usipige kelele, usiunyooshee kidole, usiuruke. Kwa hiyo habari ya uyoga na uchawi nimekua nayo, haikunishtua Masasi. Safari hii nilikuwa na mtoto wa kaka yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kijana mzuri mwenye ugonjwa wa kueleza kila kitu mezani.

Chakula sasa. Uyoga wa njano mama anauchana kwa mkono kufuata nyuzi zake, kisu hakigusi. Anauosha, anauchemsha na chumvi kidogo, anamwaga yale maji ya kwanza, ndipo anaanza upya. Kitunguu kinakaa motoni mpaka kilegee, nyanya moja tu, kisha vipande vya korosho zilizobanguliwa, zile zilizovunjika zisizofaa kwenda dukani, alizozitwanga kinuni mpaka zikatoa tui zito. Mafuta hatii, korosho yenyewe inatoa. Zile unga za pakiti hazimo jikoni kwake, nilichungulia. Mchuzi unakuja wa rangi ya maziwa yaliyoguswa na manjano, mzito wa kushika tonge, na uyoga bado una ukinzani kidogo kwenye jino. Ugali wa muhogo anausonga mgumu, kama inavyotakiwa huku kwetu. Mgeni wa Dar atalalamika. Alalamike.

Kasoro ya kwanza ni hapohapo: mchanga. Uyoga wa njano una mikunjo chini ya kofia na mvua ya miombo inarusha udongo mwekundu humo ndani. Siku za wateja wengi unaoshwa haraka, na utausikia mchanga menoni. Nilimwambia. Akasema wasichana wa kuosha hawakai, wakisikia maneno ya mtaani wanaacha kazi. Nikanyamaza, lakini mchanga ni mchanga, na nimeupunguzia alama.

Wa kichuguu ni habari nyingine kabisa. Kofia moja inaweza kujaza sahani, na shina lake linatafunika kama paja la kuku wa kienyeji. Mama anaubanika kwanza juu ya mkaa, kisha anautia kwenye karanga za kusaga na majani machache ya kunde. Kabla hajaupika anakuja nao mezani mzima ili uuone mkia: chini ya shina kuna kama mzizi mrefu unaoshuka ardhini mpaka kwenye kichuguu chenyewe. Usio na mkia huo hauiti wa kichuguu, hata uletwe na nani.

Hapa mtoto wa kaka alishindwa kujizuia. "Shangazi, wanaoulima ni mchwa." Akaeleza kwamba mchwa wanatafuna miti na majani makavu, wanatengeneza vitalu ndani ya kichuguu, uyoga unakua humo nao wanakula. Uyoga mamama unaouona mjini unapandwa na watu kwenye mifuko ya pumba au mabaki ya pamba, lakini huu unamtaka mchwa. Na kilimo hicho ni cha zamani mno: katika bonde la ufa la Rukwa, humuhumu Tanzania, watafiti walichimbua viota vya mchwa vilivyogeuka mawe vikiwa na vitalu vya uyoga ndani, vya miaka milioni 25. Zambia ipo aina ambayo kofia yake hufikia mita moja.

Mama alikuwa anapepea mkaa. Akasema, "Milioni 25 na hawajaacha kulima. Sisi bei ya korosho ikianguka misimu miwili tunashika shoka."

Bibi yangu alikuwa akisema kichuguu ni nyumba ya waliotangulia, hivyo kabla ya kuchuma unabisha hodi. Nyumba kumbe ilikuwa na wenyewe kweli, ila wadogo.

Ladha peke yake isingenifanya niandike haya. Kilichoniandikisha ni mlango wa nyuma. Nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, ukae kwenye lile benchi la uani, uone akina mama wanavyoleta vikapu. Mama ananunua kwa watu anaowajua kwa majina na msitu wanaochuma. Uyoga uje mzima, umeng'olewa na sehemu yake ya chini, na udongo wake. Uliokatwa shina haupokei, hata uwe mzuri namna gani, kwa sababu dalili ya hatari hukaa pale chini. Mweupe wenye pete shingoni na kikombe miguuni hamwulizi mtu, anautupa kwenye shimo na kufukia ili mbuzi na watoto wasiufikie. Asubuhi niliyokaa pale aliokataa ulizidi aliopokea. Aliyekataliwa aliondoka akinung'unika, na nadhani maneno mengi ya uchawi yanaanzia kwenye lango hilo.

Nitasema kwa nini nilimpenda hapo, na hili linatoka kwenye kazi yangu. Uyoga unaoua zaidi hauna uchungu, na sumu yake haifi kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa. Kupika na kitunguu au kijiko cha fedha uone kama vitabadilika rangi ni hadithi. Unakula jioni, unalala vizuri. Zinapita saa sita, kumi na mbili, pengine zaidi, ndipo tumbo linaanza: kutapika na kuhara maji matupu. Kisha, na hapa ndipo penye mtego, mgonjwa anapata nafuu. Anakaa, anaomba uji. Wakati huohuo ini lake linaendelea kufa, na siku ya tatu au ya nne macho yanageuka manjano na mtu anaondoka.

Sasa chukua nafuu hiyo uiweke kijijini. Mgonjwa amesimama, watu wamefurahi, jirani ambaye hawaelewani naye kaja kumpa pole na akashika mkono wake. Kesho yake hali imebadilika. Nani atakumbuka mboga ya juzi? Watamkumbuka jirani. Nimekaa kwenye vibaraza ambako kikao cha namna hiyo kinaendelea huku mgonjwa yumo ndani, na nimepokea watu waliopitishwa kwa mganga kwanza, wakafika kwetu siku za kuwasaidia zimeisha. Ukila uyoga na tumbo likaanza baada ya saa nyingi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata ukipata nafuu, na ubebe mabaki ya huo uyoga.

Asubuhi ileile alikuja kijana na ndoo ya uyoga mweupe mkubwa wenye magamba ya kahawia kichwani. Aliuchuma uwanja wa mpira wa shule, ulikuwa umeota duara kamili. Mama akageuza mmoja, akatazama mistari iliyo chini ya kofia. Ilikuwa imeanza kuwa ya kijani. Akamrudishia ndoo.

"Mama, wadudu wameula na hawajafa."

"Mdudu ana ini lake, mwanangu. Na wewe una lako."

Kijana hakuridhika. Akatuambia sisi wa benchini kwamba kila mtu anajua wachawi walicheza ngoma uwanjani pale, ndiyo maana uyoga umejipanga duara, na mama anakataa kwa sababu hataki kuuza mali ya wenzake. Aina ile, kwa taarifa yenu, inaota sana kwenye nyasi za nchi za joto. Kwa kawaida haiui mtu mzima, lakini itakutapisha mpaka umtaje bibi yako.

Mtoto wa kaka akaanza tena, na safari hii nilimwacha. Nyuzi za uyoga zinaanza mahali pamoja, zinatambaa kwenda nje pande zote kwa mwendo mmoja. Chakula cha katikati kikiisha, zinabaki hai ukingoni, na mvua ikinyesha uyoga unachomoza huko tu. Nyasi za ukingoni mara nyingi ni za kijani zaidi kwa kuwa nyuzi zinaozesha mabaki na kuachia naitrojeni. Ulaya walikuwa na maelezo yanayofanana na ya yule kijana. Wajerumani walisema wachawi wamecheza hapo usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei. Waholanzi walisema shetani aliweka hapo chombo chake cha kusukia maziwa. Waingereza walisema ni uwanja wa viumbe wadogo wa porini, na ukikanyaga ndani unaweza kulazimishwa kucheza hadi ufe. Kuna na uyoga mwingine wa njano, si huu wa mama, unaotetemeka juu ya matawi yaliyokufa: walisema ukiota mlangoni au getini kwako umelogwa, na dawa yake ni kuutoboa kwa pini mpaka maji yote yatoke.

"Na mvua ikinyesha?" mama akauliza.

"Unavimba tena."

"Basi mganga wao alikuwa na kazi ya kudumu."

Mimi nikaongeza la kwangu, maana nilikuwa nalo. Mwaka 1692, Salem, Massachusetts, wakati Marekani bado ni makoloni ya Waingereza, wasichana walianza kupinda viungo na kulia kwamba wanachomwa na vitu visivyoonekana. Watu 19 walinyongwa kwa uchawi, na mzee mmoja alikandamizwa kwa mawe hadi kufa. Mwaka 1976 mtafiti Linnda Caporael alitoa hoja kwamba huenda nafaka yao ya rai ilikuwa na kuvu ya ergoti, inayoleta degedege na maono. Mwaka huohuo Nicholas Spanos na Jack Gottlieb wakampinga, wakasema dalili hazilingani. Nipo upande wao. Ugomvi wa mashamba na wivu wa majirani vinatosha kunyongesha watu bila msaada wa kuvu. Sihitaji kwenda Salem kulijua hilo.

Ergoti yenyewe si hadithi, lakini. Wollo, Ethiopia, mwaka 1977 na 1978, watu walikula nafaka iliyochanganyika na oti pori zenye kuvu hiyo, na wengine miguu ikakauka na kuoza. Na kuvu hiyohiyo ndiyo niliyoishika mkononi miaka yangu ya kazi. Mwaka 1582 Mjerumani Adam Lonicer aliandika kwamba wanawake waliitumia kuleta uchungu wa uzazi. Mwaka 1935 ikapatikana humo ergometrini, sindano ya kuzuia mama asimwage damu baada ya kujifungua. Tuliiweka kwenye friji mbali na mwanga, na mwenye presha hatukumpa. Siku hizi sindano nyingine, oksitosini, ndiyo inayotangulia.

Mama akaacha kupepea. "Dada nesi, kumbe na wewe umetumia uyoga kwa watu, na hakuna aliyekuita mchawi."

Nikamwambia mimi nilivaa sare.

Mzee mmoja mkulima wa korosho aliyekuwa anakula pembeni akacheka mpaka akapaliwa, kisha akaleta la ubwiriunga. Huo nao ni kuvu, ule unga mweupe unaokausha maua ya mkorosho na majani machanga. Uliripotiwa nchini mwaka 1979, wakati zao lilikuwa tayari limeanza kuyumba. Korosho zilizofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 zilishuka hadi kama 16,500 msimu wa 1986/87. Watu kuhamishiwa vijiji vya mbali na mashamba yao, na bei mbovu, vilichangia kabla na pamoja na ugonjwa. Mzee anakumbuka namna watu walivyochunguliana mashamba miaka ile: kwa nini mikorosho ya fulani ina maua na yangu imekauka, amezika nini? Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ilipozoeleka na watu wakaona inafanya kazi, anasema, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya salfa.

Nirudi kwenye huduma. Moshi ni tatizo la kweli. Jiko la kuni liko upande upepo unakotokea, na meza mbili za ndani hazikaliki mchana. Wenye pumu wakae uani. Mabenchi hayana mgongo. Kusubiri ni kurefu, hasa ukiagiza wa kichuguu, kwa kuwa hapiki mpaka uagize. Choo ni kisafi, na maji ya kunawa na sabuni yapo, jambo ambalo siwezi kulisema kwa migahawa mingi ya stendi yenye kibao na soda.

Uyoga mkavu ndio sipendekezi, angalau kwa watu wa pwani. Anaukausha vizuri juani kwenye jamvi, umeinuliwa juu ya kichanja, lakini anaufunga kwenye mifuko myepesi isiyoshika. Kifuko changu kilipofika Mtwara kilikuwa kimenyonya unyevu wa bahari, uyoga umelegea. Kitu kilicholegea kikikaa kinaota kuvu nyingine, isiyo ya kuliwa. Ukinunua, uanike tena siku hiyohiyo uliyofika, kisha utie kwenye chupa au kopo lenye mfuniko. Karanga zake nilizikagua kabla hajazisaga, na sikuona iliyosinyaa wala yenye ukungu. Ni tabia iliyonishika tangu mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara kwa mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Hakukasirika nilipokagua. Alinisogezea ungo.

Kama ungekuwa unaniuliza kwa simu ningekwambia hivi: nenda kati ya Januari na Machi, mvua zikiwa zimekolea. Fika kabla ya saa sita, maana saa saba sufuria imegeuzwa. Lipa taslimu, tena noti ndogo, chenji ni shida na wewe usije ukaanzisha maneno. Usimpelekee uyoga uliouokota njiani ili akupikie, atakataa mbele za watu. Uliza kwanza kama wa kichuguu umekuja. Kama haukuja, chukua wa njano, na umwombe auoshe mara ya pili.